Mbona Nebula ya Jabari ni ya kijivu kwenye darubini yetu?

*Msomaji wa Tudor, Mombasa, anauliza: "Mwalimu, salaam aleikum. Baba watoto alimnunulia kijana wetu darubini ya kioo cha milimita 130 baada ya mtihani. Juzi tuliipandisha darini tukaitafuta Nebula ya Jabari. Tuliipata, lakini ilikuwa kiwingu cha kijivu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Kijana amevunjika moyo, maana kwenye sanduku imechorwa nyekundu na zambarau. Je, tumeuziwa darubini mbovu, au picha zile ni za kompyuta tu? Na sisi, kwa kamera ya zamani ya Canon aliyoiacha mjomba wake, twaweza kupata picha ya rangi tukiwa hapa hapa Mombasa?"*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nebula ni wingu la gesi na vumbi angani, na hii yenu iko kwenye kundinyota la Jabari, ambalo wengine huliita Orion. Darubini yenu ni nzima. Na picha ya kwenye sanduku si ya uongo. Kosa la aliyeiweka pale ni kutosema kwamba ile ni kazi ya kamera, na kwamba jicho la binadamu halitaiona hivyo hata likipewa darubini ya ukubwa gani. Swali lako la mwisho nalijibu mapema ili kijana apate moyo: ndiyo, picha ya rangi mtaipata, hapo hapo darini Tudor, bila kununua kitu kikubwa.

Kabla sijaeleza, nawaomba mfanye jaribio moja usiku wa mbalamwezi. Toa leso mbili kabatini, moja ya nyekundu iliyokoza, nyingine ya buluu au kijani. Zimeni taa zote, mkae gizani dakika ishirini, kisha mzitandaze mahali penye mwanga wa mwezi peke yake. Maua meupe mtayaona. Jina la leso mtajua lilipo hata kama halisomeki. Lakini ile nyekundu itakuwa imezama, karibu nyeusi, na ile ya buluu itaonekana imepauka, ng'avu kuliko mwenzake. Leso ni zile zile mlizozinunua Biashara Street mchana zikiwaka kwa rangi. Kilichobadilika ni jicho.

Ndani ya jicho mna aina mbili za seli zinazopokea mwanga. Za kwanza, zenye umbo la koni, ndizo zinazotambua rangi, na zinahitaji mwanga wa kutosha. Za pili, zenye umbo la fito, ndizo zinazofanya kazi gizani. Hizi za fito zina usikivu wa ajabu, lakini hazijui rangi. Zinajua mwanga na kiza tu. Tena usikivu wao uko juu zaidi kwenye mwanga wa kijani-buluu, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 507. Nyekundu ya nebula inatoka kwenye haidrojeni, na urefu wake wa wimbi ni nanomita 656. Huko seli za fito ni kama hazioni kitu. Kwa hiyo mlipokuwa mmeinama kwenye kioo cha darubini, nyekundu ilikuwa inaingia machoni mwenu kweli kweli, ila hapakuwa na seli ya kuipokea.

Watu wengi hudhani dawa ni darubini kubwa zaidi. Mimi pia niliamini hivyo kwa miaka, na niliweka akiba kwa ajili hiyo. Nyota ni nukta, na kwa nukta darubini kubwa inaongeza mng'ao kweli. Lakini nebula ni kitu kilichotandazwa. Darubini ikikusanya mwanga mara mia, na picha nayo inaikuza, ule mwanga unatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Ni kama kupata unga maradufu ukauanika kwenye mkeka maradufu: unga ni mwingi, unene ni ule ule. Hakuna darubini inayoweza kuufanya uso wa nebula ung'ae kuliko unavyong'aa kwa macho matupu. Faida ya darubini kubwa ni kwamba ule mng'ao hafifu unaonekana mkubwa, na jicho huona vizuri zaidi kitu hafifu kikiwa kikubwa. Wenye vioo vya milimita 250 au 300 mara nyingi huona kijani chepesi katikati ya Jabari, na wachache husema wanaona waridi pembezoni. Nyekundu ya sandukuni haipo kwa yeyote.

Hicho kijani nacho kina kisa chake. Tarehe 29 Agosti 1864, Mwingereza William Huggins alielekeza darubini yenye prizimu kwenye nebula moja ya kundinyota la Dragoni, akitarajia kuona upinde mzima wa rangi kama wa nyota. Badala yake aliona mistari michache tu, na ule uliong'aa zaidi ulikuwa wa kijani. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba baadhi ya nebula ni gesi, wala si nyota nyingi zilizosongamana. Lakini ule mstari wa kijani haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana duniani, na wataalamu wakadhani wamegundua elementi mpya, wakaiita nebulium. Ilichukua mpaka mwaka 1927 ndipo Mmarekani Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni ya kawaida, hii tunayoivuta, iliyopokonywa elektroni mbili. Haiwezi kutoa kijani hicho katika hewa yetu kwa sababu atomi hugongana upesi mno kabla haijapata nafasi ya kung'aa. Inahitaji mahali patupu mno, kuliko ombwe la kawaida la pampu. Nebula inayoonekana kama wingu zito pichani, kwa kweli ni karibu utupu mtupu. Inaonekana kwa sababu ni kubwa, upana wake ni kama miaka ya nuru 24.

Na gesi hiyo haijiwashi yenyewe. Katikati ya Nebula ya Jabari mna kundi dogo la nyota changa zenye joto kali, na moja kati yao ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Mnururisho wake wa urujuanimno unazipokonya atomi za haidrojeni elektroni zao. Elektroni ikirudi kwenye atomi, inashuka ngazi kwa ngazi, na moja ya ngazi hizo hutoa ile nyekundu ya nanomita 656. Nyekundu kutoka haidrojeni, kijani-buluu kutoka oksijeni, na buluu laini mahali ambapo vumbi linaakisi mwanga wa nyota: hizo ndizo rangi halali za nebula, nazo zipo hata pasipokuwa na mtu wa kutazama.

Sasa, kabla ya kamera, nawasihi mrudi tena kuangalia kwa macho. Nasema haya kwa sababu nimewaona vijana wengi wakikimbilia picha, na baada ya miezi miwili darubini iko chini ya kitanda. Mliiona kama pumzi kwenye kioo kwa sababu mliitazama kwa haraka, na taa za ngazi huenda zilikuwa zinawaka. Jicho linahitaji dakika ishirini hadi thelathini za giza ili seli za fito ziamke kikamilifu, na kuchungulia simu mara moja tu kunarudisha kazi yote nyuma. Tumieni tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu. Sasa mwajua kwa nini nyekundu haiziharibu seli zile.

Chukueni kwanza kioo cha machoni cha milimita 25. Ikiwa darubini yenu ni ya aina iliyozoeleka, yenye urefu wa fokasi wa milimita 650, hicho kitakuza mara 26, na nebula nzima itaingia. Usiikodolee macho. Elekeza macho pembeni kidogo, kama mtu anayetazama kitu kwa kuibia, kwa sababu katikati ya jicho hakuna seli za fito. Hapo mabawa mawili yatajitokeza, yakipinda kama ya ndege anayetaka kutua. Kati yake kutakuwa na ghuba nyeusi inayoingia ndani: hilo ni vumbi lililosimama mbele ya mwanga. Kisha wekeni kioo cha milimita 10, mara 65, mtazame pale karibu na ncha ya ghuba. Mtaona nyota nne ndogo zimekaa karibu karibu kama mawe ya jiko lililoongezwa jiwe la nne. Hizo ndizo zinazoiwasha nebula yote. Mpe kijana penseli na karatasi, achore anachokiona. Mkono unaochora hulilazimisha jicho kuona.

Na mwambieni hili: nuru ile ya kijivu iliondoka huko yapata miaka 1,300 iliyopita. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, ilikuwa tayari njiani kwa karne kama sita. Hakuna picha, hata iwe nzuri vipi, inayokupa jambo hilo, la nuru yenyewe kumalizia safari ndani ya jicho lako.

Mombasa, dada, ina bahati ambayo wenyeji wake hawaijui. Mji wetu uko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na Nebula ya Jabari iko kidogo zaidi ya nyuzi 5 kusini ya ikweta ya mbingu, ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta yetu. Maana yake inapita karibu kabisa na utosi. Mtu wa London, hata ikifika juu kabisa kwake, anaiona kwenye nyuzi 33 hivi, kupitia hewa karibu mara mbili ya ile mnayoipitia nyinyi. Katikati ya Januari inafika utosini kama saa nne na robo usiku. Katikati ya Februari ni saa mbili na robo. Na miezi hiyo ndiyo ya kaskazi, mvua za vuli zimekwisha na masika bado. Shida moja ni kwamba darubini ikielekezwa utosini kabisa ni ngumu kuisogeza, na bomba hugonga miguu ya stendi. Itazameni saa moja kabla au baada.

Kuhusu mwezi, waulizeni wavuvi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: moja wakati mwezi umeandama, moja wakati umepevuka. Ile ya kwanza ndiyo yenu. Usiku wa mwezi mpevu hata Jabari hufifia, na huo uacheni kwa kuutazama mwezi wenyewe.

Tuje kwenye kamera. Kamera ina mambo mawili ambayo jicho halina. Kwanza, sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, haibadiliki kuwa kipofu wa rangi gizani. Pili, inaweza kukusanya. Jicho hukusanya mwanga kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha hufuta na kuanza upya. Kamera inaweza kuuacha mwanga uingie na kujaa, kama mtungi unaotegwa chini ya paa. Mtu wa kwanza kuipiga picha Nebula ya Jabari, daktari wa New York aitwaye Henry Draper, tarehe 30 Septemba 1880, aliacha mwanga uingie kwa dakika 51, akiifuata nyota kwa mashine ya saa. Picha yake ilikuwa nyeupe na nyeusi. Canon ya mjomba inaweza kumzidi Draper ndani ya dakika kumi tu.

Ushauri wangu wa kwanza utawashangaza: msianze kwa kuifunga kamera kwenye darubini. Darubini nyingi za ukubwa wenu hazikutengenezwa kwa ajili ya kamera. Sensa inashindwa kufika mahali ambapo picha inajikusanya, na mtahangaika usiku kucha na nyota zilizovimba. Isitoshe, stendi yake haiifuati mbingu. Wekeni kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kwa lenzi yake tu. Ikiwa mjomba aliacha ile lenzi ndefu ya kuvuta, ifungueni kwenye milimita 135 hivi. Kama hakuna, lenzi ya milimita 50 ni ya bei nafuu na hutoa picha ya kupendeza ya upanga wote wa Jabari pamoja na zile nyota tatu za mshipi.

Dunia inazunguka, na nyota zilizo karibu na ikweta ya mbingu ndizo zinazokimbia zaidi pichani. Jabari yuko pale pale. Kwa lenzi ya milimita 135 msizidishe sekunde 2 kwa picha. Kwa milimita 50, sekunde 4. Zaidi ya hapo nyota zinakuwa vijiti. Sekunde 2 ni kidogo sana, najua. Ndiyo maana mtapiga picha 300, moja baada ya nyingine, kwa rimoti ya kujipigia ili mkono usiitikise kamera. ISO, yaani usikivu wa kamera, iwe 1600, lenzi iwe karibu wazi kabisa, na faili ziwe RAW, yaani ghafi kama zilivyotoka kwenye sensa. Kila baada ya dakika tano rudisheni Jabari katikati, maana atakuwa amesogea.

Kulenga kwa usahihi ndiko kunakowashinda wengi. Zimeni ulengaji wa moja kwa moja. Elekezeni kamera kwenye Shira, nyota inayong'aa kuliko zote, washeni kioo cha nyuma, kuzeni mara kumi, kisha zungusheni pete ya lenzi polepole mpaka Shira iwe nukta ndogo kabisa. Mtaona inapungua, inapungua, kisha inaanza kuvimba tena. Rudini nyuma kidogo. Bandikeni pete kwa gundi ya karatasi isisogee. Halafu pigeni picha moja ya majaribio, hata ya sekunde 15. Nyota zitakuwa vijiti, haidhuru. Kwenye kioo cha nyuma, chini ya mshipi, mtaona doa la waridi. Nimeonyesha doa hilo watu wazima na watoto, na karibu kila mmoja hunyamaza kwanza, kisha huinua kichwa kutazama juu, pale penye kijivu, kana kwamba ameambiwa siri ya jirani.

Mkimaliza, funikeni lenzi kwa kifuniko chake mpige picha nyingine 30 za giza tupu, kwa mpangilio ule ule, hapo hapo darini. Sensa ikipata joto hutoa vijidoa vya uongo, na vijidoa hivyo huongezeka maradufu kila joto likipanda kwa nyuzi kama 6. Mwenzetu wa milima ya Ulaya anapiga kwenye baridi. Sisi tunapiga kwenye usiku wa nyuzi 27. Picha za giza humfundisha kompyuta kipi ni kidoa na kipi ni nyota. Msiziruke.

Kisha kompyuta. Programu ya Siril ni ya bure, na DeepSkyStacker nayo ni ya bure kwa wenye Windows. Kazi yao ni kuzirundika picha zote 300, nyota juu ya nyota, ziwe picha moja. Kinachotokea ni hiki: mwanga wa nebula uko mahali pamoja katika kila picha, lakini chembechembe za kelele zinarukaruka ovyo. Ukizirundika, nebula inajijenga na kelele inajifuta. Hesabu yake ni ya kipeo cha pili: ukitaka kelele ipungue kwa nusu unahitaji picha mara nne, picha 100 zinakupa usafi mara kumi wa picha moja. Ndiyo maana usiku wa pili na wa tatu juu ya nebula ile ile una thamani kuliko kuruka kwenda kitu kingine.

Picha iliyorundikwa itafunguka nyeusi, na kijana atadhani imeharibika. Haijaharibika, mwanga umejibana upande wa giza, na unahitaji kuvutwa polepole. Mng'ao wa taa za mji, kutoka bandarini Kilindini mpaka Nyali, utakuwa umepaka mandhari yote rangi ya chai. Siril ina chombo cha kuuondoa. Hapa nina neno la kumwambia kijana: avute mpaka nebula ionekane, asivute mpaka ipige kelele. Katikati ya Jabari panang'aa mno, na ukivuta kupita kiasi zile nyota nne zinazama kwenye weupe. Dawa ni kupiga pia picha kadhaa za nusu sekunde kwa ajili ya kitovu peke yake, halafu kuziunganisha.

Nyekundu mtakayoipata itakuwa waridi zaidi kuliko damu ya mzee. Kiwandani Canon ya kawaida huwekewa mbele ya sensa kioo kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga wa nanomita 656, ili ngozi za watu mchana zisitoke nyekundu. Mwaka 2012 Canon wenyewe walitoa 60Da, iliyorekebishwa kwa ajili ya wapiga picha za nyota, na wapo mafundi wanaokiondoa kioo hicho kwenye kamera za kawaida. Msifanye hivyo sasa. Jabari ana mwanga wa kutosha hata kwa kamera isiyoguswa.

Mkitaka kuendelea, hatua ya pili ni kifaa kidogo cha kuizungusha kamera kwa mwendo wa nyota, ili mpige sekunde 60 badala ya 2. Hapa bahati yetu ya ikweta inageuka kuwa kazi. Mhimili wa kifaa hicho lazima uelekee ncha ya mbingu, pale nyota zote zinapoonekana kupazunguka, nayo kwa Mombasa iko nyuzi 4 tu juu ya upeo wa kusini, kwenye ukungu wa bahari. Nyota ya kaskazini, Kutubu, ambayo vitabu vyote vinakuambia uitumie, kwetu iko chini ya upeo. Na stendi nyingi hazikutengenezwa kulala kiasi hicho. Mimi nilimwendea seremala akanichongea kabari ya mninga, nikaipima kwa pima-maji mpaka ikakaa kwenye nyuzi 4. Upande wa kusini usiutafute kwa dira ya simu ukiwa darini, maana nondo zilizomo kwenye zege huivuta sindano. Katikati ya Januari jua liko kusini mwetu, na linafika juu kabisa kama saa sita na nusu mchana. Simamisheni fimbo iliyonyooka, na dakika hiyo chora kivuli chake kwa chaki: mstari huo ni kaskazini na kusini. Chaki yangu imefutika na kuchorwa upya mara nyingi, na haijanipotosha.

Kijana atauliza kuhusu zile picha za Hubble, darubini inayoizunguka dunia angani, zenye dhahabu na samawati, kama ile ya nguzo za vumbi ya mwaka 1995. Ajibiwe ukweli: rangi zile zimepangwa. Darubini ilipiga kupitia filta tatu, moja ya salfa, moja ya haidrojeni, moja ya oksijeni. Salfa na haidrojeni zote ni nyekundu, na zikiachwa hivyo hazitofautiki. Basi salfa ikapewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu, ili mwanasayansi aone kipi kiko wapi. Ni kama ramani inayopaka kaunti rangi mbalimbali. Hakuna anayesema Kwale ni ya manjano, wala hakuna anayesema ramani ni uongo. Picha za James Webb, darubini nyingine ya angani, ziko mbali zaidi, maana zinatokana na mwanga wa infraredi usioonekana kabisa. Picha mtakayoipiga darini itakuwa karibu zaidi na rangi za asili kuliko hizo zote.

Machi ikifika, Jabari anaelekea magharibi, na hapo nakusihini mtazame kusini. Mabaharia wetu waliijua Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao, iliyowaongoza kusini. Suheli iko kwenye kundinyota la Mkuku, na jina hilo linamfaa mtu wa mji wa majahazi: mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo. Upande wa pili wa Mkuku, kuelekea Salibu, zile nyota za msalaba wa kusini, kuna nebula kubwa kuliko ya Jabari kwa umbo la angani na kwa ukubwa wake halisi. Mfaransa Lacaille aliiorodhesha akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwanzoni mwa miaka ya 1750. Ndani yake mna nyota iliyolipuka kwa mng'ao miaka ya 1840 hata, mwaka 1843, ikawa ya pili baada ya Shira angani kote, na haikufa. London haichomozi kamwe. Kwetu, mwishoni mwa Machi inafika nyuzi 34 juu ya upeo wa kusini kabla ya saa tano usiku. Kutoka Tudor itakuwa juu ya taa za kisiwa kizima, basi kwa hiyo moja vukeni feri ya Likoni mwende pwani ya kusini, Diani au Msambweni, ambako kusini ni giza. Msiende ufukweni peke yenu. Tafuteni jamaa mwenye nyumba huko, mpige kutoka uani kwake.

La mwisho ni chumvi. Hewa ya Mombasa inaua vioo polepole. Usiku wa kaskazi umande hutua kwenye lenzi bila kusikika, na chumvi ikiwa ndani yake. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilikifuta kioo cha darubini yangu kwa kitambaa laini, nikiona nimekisafisha. Mchana wake nilikuta mistari myembamba kama ya wembe, na ingalipo hadi leo. Kioo chenu kisiguswe. Vumbi kidogo halipunguzi chochote. Darubini ikishuka kutoka darini, iacheni ikauke chumbani bila kifuniko kwa saa moja, ndipo mfunike. Lenzi na kamera ziwekeni kwenye bakuli la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye sanduku za viatu. Ukungu ukishaota ndani ya lenzi ni vigumu kuutoa.

Mkikwama kwenye kurundika, niandikieni, na mniletee faili moja ya RAW kama ilivyotoka kwenye kamera. Msiipitishe WhatsApp kama picha, maana hubanwa, na nyota ndogo ndizo za kwanza kupotea.